Chuma Rahisi, Hati Ghali

Mwaka 1978 viwanda vya Marekani viliuza zaidi ya ndege 17,000 za binafsi, za mafunzo na za kukodi. Mwaka 1994 havikufikisha 1,000. Katikati ya miaka hiyo miwili ndipo ilipo nusu ya jibu la swali linalomkera kila mwenye Cessna au Piper ya zamani, awe Wilson jijini Nairobi, Dodoma au Kajjansi nje ya Kampala: kwa nini kipuri kidogo kiuzwe kwa bei isiyolingana hata kidogo na chuma kilichotumika kukitengeneza? Cessna ilisimamisha uundaji wa ndege zake za injini za pistoni mwaka 1986. Piper ilikimbilia ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwaka 1991. Cessna ilipoanza tena mwaka 1996, katika kiwanda kipya mjini Independence, Kansas, ilirudi na miundo mitatu tu ya pistoni, yaani 172, 182 na 206. Zile 150 na 152 zilizofundisha marubani wengi duniani, zile 180 na 185 za viwanja vya nyasi, na ile 210 ya mwendo kasi, hazikurudi. Lakini ndege zilizokwisha kuuzwa zilibaki angani. Za muundo wa 172 peke yake zimeundwa zaidi ya 44,000 tangu miaka ya 1950, na sehemu kubwa ni za kabla ya kile kiwanda cha zamani kusimama. Dunia ikabakiwa na kundi kubwa la ndege kuukuu ambazo muundaji wake ama hayupo, ama yupo lakini hana tena sababu ya kibiashara ya kuzihudumia kwa bei ya kawaida.

Mwenye gari la zamani ana Gerezani jijini Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Huko atakuta kipuri halisi, cha mtumba, cha kuiga na cha kukerezwa, kila kimoja na bei yake, na uamuzi ni wake na fundi wake. Ndege haina uhuru huo, na haistahili kuwa nao. Kila kinachofungwa kwenye ndege yenye cheti lazima kithibitishwe kuwa kinalingana na muundo ulioidhinishwa, na lazima pawe na mtu wa kuwajibika kwa uthibitisho huo. Kwa hiyo mnunuzi hulipia vitu viwili kwa wakati mmoja: chuma, na hati inayosema chuma hicho ni nini na kimetoka wapi. Mara nyingi hati ndiyo ghali. Ninachodai hapa ni kwamba anayesaka unafuu kwa kubadilisha wauzaji anapoteza nguvu zake. Unafuu wa kweli uko katika kujua kila kipuri kinadai uthibitisho wa daraja gani, na kutolipa kwa ajili ya daraja la juu zaidi ya hilo. Marekani, zilikozaliwa ndege nyingi za namna hii, imejijengea kwa miaka mingi njia kadhaa halali za kufanya hivyo. Njia hizo hazihami na ndege. Ndege inapovuka bahari na kupewa usajili wa Kenya (5Y), Tanzania (5H) au Uganda (5X), mlango uliokuwa wazi huko unaweza kuwa umefungwa huku, bila mtu yeyote kuwa ameamua kwa makusudi ufungwe.

Tuanze na sababu za bei, maana wengi huzitaja nusunusu. Sababu ya kwanza ni idadi. Kiwanda kinachotengeneza kipande kimoja kwa maelfu hugawanya gharama za kalibu, za kuandaa mashine na za ukaguzi katika maelfu hayo. Kinachoombwa vipande ishirini kwa ajili ya ndege iliyokoma kuundwa hubebesha gharama hizohizo vipande ishirini. Sababu ya pili ni ya kisheria, na ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1994 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kufufua sekta hii, ambayo kwa kawaida humkinga muundaji wa ndege ndogo dhidi ya kesi za ajali baada ya miaka 18 tangu ndege ilipotoka kiwandani. Ndiyo sheria iliyoirudisha Cessna kazini. Lakini ina kifungu ambacho hakizungumzwi sana: kipuri kipya kinapofungwa mahali pa kile cha zamani, miaka 18 ya kipuri hicho huanza kuhesabiwa upya. Kwa maneno mengine, muundaji anayemuuzia mtu kipande kipya cha ndege ya mwaka 1967 anajirudishia dhamana aliyokwisha kuitua. Bima yake inalijua hilo, na bei yake pia. Hapa simwoni muuzaji mwenye tamaa peke yake. Namwona mfanyabiashara anayefanya hesabu sahihi ndani ya mfumo ambao haumpi sababu ya kushusha bei. Ndiyo maana kumlaumu hakuleti vipuri.

Njia ya kwanza ya kutoka hapo ni nyepesi kuliko zote, na bado hupitwa. Boliti, nati, washa, ribiti na vifungo vingine vingi vya ndege vimetengenezwa kwa viwango vya wazi vya kijeshi na vya sekta, vinavyojulikana kwa herufi za AN, MS na NAS. Kanuni za Marekani huviruhusu vitumike bila idhini ya pekee ya utengenezaji, mradi vinalingana na kiwango chake na ndivyo vinavyotajwa na muundo. Mtu anayeagiza boliti ya AN kwa namba ya Cessna, katika mfuko wenye nembo ya Cessna, huenda anapokea boliti ileile anayoiuza msambazaji mwingine kwa sehemu ndogo ya bei. Kitabu cha vipuri cha ndege yenyewe mara nyingi humwambia hivyo, akikisoma. Baada ya hapo kuna vipuri vya watengenezaji wengine wenye idhini ya mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, idhini inayoitwa kwa kifupi PMA. Mtengenezaji huthibitisha ama kwamba kipuri chake ni sawa na cha asili, ama kwa vipimo na mahesabu kwamba hakipungukiwi na chochote, kisha hupewa ruhusa ya kukiuza kwa ndege zilizotajwa. McFarlane ya Kansas imejenga biashara yake juu ya nyaya za usukani, reli za viti na vitu vidogo vya namna hiyo kwa ndege ambazo waundaji wake wamezipa kisogo. Univair ya Colorado ilikwenda mbali zaidi, ikachukua vyeti vya muundo vya Ercoupe na Stinson 108, ndege za miaka ya 1940, na bado inaziuzia vipuri.

Reli za viti zinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu zinaonyesha vizuri uhusiano wa bei na usalama. Kiti cha rubani katika Cessna nyingi hukaa juu ya reli yenye matundu. Pini huingia katika tundu na kukizuia kiti. Miaka inavyopita matundu hupanuka na kuwa mviringo wa yai. Siku moja pini haishiki, na kiti kinarudi nyuma ghafla wakati ndege inapaa, rubani akiwa ameshika usukani. Ajali za aina hii zilikuwa za kutosha kuifanya FAA itoe agizo la lazima la ukaguzi mwaka 1987, na kulitoa upya mwaka 2011. Reli ni kipande cha alumini kisicho na siri yoyote. Kama kinapatikana kwa bei ya kueleweka, fundi akiona tundu limeanza kupanuka hukibadilisha. Kama bei yake ni ya kutisha na kinasafiri wiki nyingi, fundi yuleyule hupima tundu mara ya pili na ya tatu, akitafuta namna ya kusema bado linafaa. Ughali wa kipuri haubaki kwenye daftari la mwenye ndege. Huingia katika uamuzi wa fundi.

Njia inayonivutia zaidi ni ile ya mwenye ndege kujitengenezea kipuri. Kanuni za Marekani humruhusu mmiliki au mwendeshaji atengeneze kipuri kwa ajili ya kutunza ndege yake mwenyewe. Halazimiki kusimama kwenye mashine kwa mikono yake. Ufafanuzi wa FAA wa mwaka 1993 ulieleza kwamba inatosha ashiriki kwa namna mojawapo kati ya kadhaa: atoe michoro au vipimo, atoe malighafi, aelekeze jinsi ya kutengeneza, aweke utaratibu wa kukagua ubora, au asimamie kazi. Mkerezaji wa karakana ya jirani anaweza kufanya iliyobaki. Kwa ndege ambayo kiwanda chake kilifungwa zamani, hii ni tofauti kati ya kuruka na kuoza. Lakini ruhusa hii ina makali yake, na wanaoisifu bila kuyataja wanaipotosha. Kipuri lazima kilingane na muundo ulioidhinishwa, yaani malighafi ileile, unene uleule, ugumu uleule baada ya kuchomwa moto na kupozwa. Kama cha asili ni cha alumini ya 2024-T3, bati la alumini la kuezekea nyumba si mbadala wake hata kama linang'aa zaidi. Kama ni cha chuma cha 4130, risiti ya malighafi lazima iseme hivyo. Fundi anayekifunga naye lazima ajiridhishe na kuweka saini yake. Na mmiliki hawezi kukigeuza biashara kwa kuwatengenezea wenzake wa uwanja mzima, kwani akifanya hivyo amekuwa mtengenezaji asiye na idhini.

Kwa hiyo si vipuri vyote vinavyofaa kupita hapo. Bushi, kibano cha bomba, kifuniko cha matundu ya ukaguzi, kipande cha bati kilichokunjwa, mabano ya kushikilia waya: hivi vinapimika, na kosa lake huonekana. Krenkishafti, bawa, kiungo cha kubeba mzigo mkuu, hapana. Huko ubora umefichika ndani ya chuma, katika jinsi kilivyofuliwa na kupozwa, na hakuna mkerezaji hodari kiasi cha kuuona kwa kalipa. Tofauti hii ya kinachopimika na kisichopimika ndiyo iliyopaswa kuongoza sera nzima, na kidogokidogo imeanza kufanya hivyo. Mwaka 2009 FAA ilitoa mwongozo wa kubadilisha malighafi na vipuri katika ndege za zamani ambazo muundo wake uliidhinishwa kabla ya 1980. Mwaka 2022 ukaja mpango mwingine, uitwao kwa kifupi VARMA, wa kurahisisha idhini ya vipuri mbadala kwa ndege hizohizo, ukilenga vipuri ambavyo vikiharibika haviangushi ndege. Ulaya nako kuna mlango mwembamba wa aina hiyo kwa ndege nyepesi, ambapo mmiliki anaweza kuchukua dhamana ya kipuri kisicho cha muundo mkuu bila ile hati rasmi ya kawaida. Mamlaka kubwa mbili za anga duniani, kila moja kwa namna yake, zimefika palepale: uthibitisho uwe na uzito unaolingana na hatari.

Wakati mwingine jibu la kipuri adimu ni kuacha kukitafuta. Vipimo vya jairo vya zamani, vinavyoendeshwa na pampu ya hewa, ni mzigo kwa mwenye ndege: kuvifanyia ovahoo ni ghali, pampu hufa bila taarifa, na mafundi wake wanapungua. Mwaka 2016 FAA iliidhinisha kifaa cha kielektroniki kilichokuwa kimetengenezwa kwa ajili ya ndege za kujiundia, Dynon D10A, kiwekwe katika ndege za kawaida mahali pa kipimo cha zamani, na Garmin ikafuata na chake. Vifaa hivyo ni vya bei ya chini na ni vya kutegemewa zaidi kuliko vile vilivyoondolewa.

Halafu kuna vipuri vilivyotumika, na hapa ndipo umbali wetu unapoanza kuuma. Marekani ina makampuni yanayonunua ndege zilizoanguka au kustaafu, yakazibomoa na kuuza kilicho kizima: milango, usukani, miguu ya magurudumu, mabawa. Pia kuna utaratibu wa kubadilishana, ambao ndio moyo wa unafuu wa Kimarekani. Mwenye magneto, kabureta au silinda iliyochoka huipeleka kwa mfanya ovahoo, hupewa nyingine iliyokwisha kutengenezwa, na ile ya zamani huingia foleni ya kutengenezewa mteja anayefuata. Bei huwa ya chini kwa sababu chuma chakavu hakiachi kuzunguka. Anayeagiza kutoka Mwanza au Entebbe yuko nje ya mzunguko huo. Analipa amana ya kipuri cha zamani, analipa ndege ya mizigo ya kukileta kipya, analipa tena kukirudisha cha zamani ili arudishiwe amana, na kama forodha imekishika hadi muda wa kurudisha umepita, amana imekwenda. Kwa kitu kizito kama injini, nauli ya kurudisha chuma chakavu hufanya utaratibu wote upoteze maana. Kwa hiyo orodha ya bei ya Marekani humdanganya msomaji wa huku, hata ikiwa kila tarakimu iliyomo ni ya kweli.

Pingamizi la kwanza kwa yote haya linajulikana, na ni zito. Vipuri rahisi huua. Tarehe 8 Septemba 1989, ndege ya Convair 580 ya kampuni ya Partnair, iliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka 30, ilivunjika hewani kwenye pwani ya Denmark ikitoka Oslo kwenda Hamburg. Watu wote 55 walikufa. Uchunguzi wa Norway ulikuta kwamba baadhi ya boliti zilizoshikilia mkia hazikuwa halisi, na chuma chake hakikufikia nguvu iliyotakiwa. Mwaka 2023 ikabainika kwamba kampuni moja ya London ilikuwa imesambaza maelfu ya vipuri vya injini za ndege kubwa za abiria kwa hati za kughushi. Anayesoma habari hizi ana haki ya kuuliza kama kulegeza uthibitisho si kuwafungulia mlango wauaji. Lakini tuzitazame kesi zenyewe. Katika zote mbili, tatizo lilikuwa kipuri kilichojitangaza kuwa ni kitu ambacho sicho. Wateja wa kampuni ile ya London hawakukwepa hati. Walizidai, wakaletewa, na zilikuwa za uongo. Njia ninazozieleza zinafanya kinyume chake. Kipuri kilichotengenezwa na mmiliki huingia katika kumbukumbu za ndege kikiwa na jina la aliyekitengeneza, malighafi yake na saini ya aliyekifunga. Hakijidai kuwa cha kiwandani. Na uadimu, kwa upande wake, ndio unaomlisha mghushi. Mahali ambapo kipuri halali hakipatikani au bei yake haishikiki, ndipo mtu mwenye mfuko wa vipuri na hati nzuri kupita kiasi anapopokewa kwa furaha.

Pingamizi la pili ni la kitaalamu zaidi: kipuri cha mtu mwingine, hata chenye idhini, hakiwezi kufikia cha muundaji wa asili. Mfano unaotajwa ni silinda za ECi ya Texas, zilizoidhinishwa kwa injini za Continental. Baada ya taarifa za silinda kupasuka, na mvutano wa miaka mitatu na wamiliki walioona hatua iliyopendekezwa ni kali kupita kiasi, FAA iliamuru mwaka 2016 silinda zilizohusika ziondolewe kwa awamu. Ni kweli, na iliwaumiza wengi waliodhani wamepata unafuu. Ila mwaka uliofuata, 2017, FAA ilitoa agizo kuhusu bushi za fito za pistoni za Lycoming, kipuri cha asili kabisa, na mwanzoni mwa 2023 Continental yenyewe iliwataka wenye injini zake wakague vifungo vya uzito wa krenkishafti ambavyo huenda havikufungwa sawasawa. Chimbuko la kipuri halitoi kinga. Kinachotoa kinga ni uwezo wa kukifuatilia: kujua kila kipande kilichotoka katika fungu lenye kasoro kiko kwenye ndege ipi, ili mwenye nacho apate taarifa kabla hakijapasuka. Silinda za ECi ziliweza kuondolewa kwa sababu zilikuwa na namba na kumbukumbu. Hiyo ndiyo thamani ya hati, na kwa hiyo sitetei hata siku moja kipuri kisicho na historia, kiwe rahisi namna gani.

Sasa turudi nyumbani. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unaipa nchi iliyosajili ndege wajibu wa cheti chake cha kuruka, na Kiambatisho cha 8 cha mkataba huo kinaieleza nchi iliyobuni muundo kuwa chanzo cha taarifa za lazima za usalama. Maana yake ni kwamba Cessna 206 yenye usajili wa 5H ilibuniwa Kansas, inapokea maagizo ya usalama kutoka Washington, lakini anayeamua ni kipuri gani kikubaliwe ni mamlaka iliyoko Dar es Salaam. Ruhusa ya Mmarekani kujitengenezea bushi haimhusu mwenye ndege wa Arusha. Nchini Marekani fundi mwenye leseni anaweza, akijiridhisha kwa njia nyingine, kufunga kipuri kisicho na ile hati ya FAA ya kuachilia kipuri, namba 8130-3. Mamlaka nyingi nje ya Marekani huitaka hati hiyo au ile ya Ulaya kwa karibu kila kitu, kwa sababu hazina namna rahisi ya kufuatilia kipuri hadi kilikotoka. Tahadhari hiyo naiheshimu. Tatizo ni kwamba inapotumika kwa usawa kwa krenkishafti na kwa kibano cha bomba, inatoza gharama ya krenkishafti kwenye kibano.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina chombo kinachofaa kulishughulikia hili: CASSOA, wakala wa usalama wa anga wenye makao yake Entebbe, ulioanzishwa mwaka 2007 ili kuoanisha kanuni na kutumia kwa pamoja wataalamu ambao nchi moja moja haziwezi kuwaajiri wa kutosha. Kitu cha kwanza ningekitaka kutoka kwake ni orodha moja ya pamoja ya madaraja ya vipuri kwa ndege ndogo za pistoni, inayosema wazi ni vipi vinavyohitaji hati kamili, ni vipi vya viwango vya wazi vinavyotosha kwa cheti cha malighafi, na ni vipi mmiliki anaweza kuvitengeneza chini ya macho ya karakana iliyoidhinishwa. Kitakachosemwa ni kwamba mamlaka zetu hazina wahandisi wa kupima muundo. Lakini hazitakiwi kupima upya kilichokwisha kupimwa. Orodha ya vipuri vyenye PMA iko wazi kwa umma. Kukubali kwa maandishi kwamba kilicho katika orodha hiyo kwa muundo fulani kinakubalika katika nchi zote wanachama ni kazi ya sera. Kinachobaki kupimwa ni vitu vidogo, na wakaguzi wachache wa nchi kadhaa, wakikaa pamoja, wanatosha kwa hivyo. Wamiliki nao wana deni lao. Aero Club of East Africa ipo tangu 1927, na makampuni ya safari, shule za urubani na mashirika ya misaada hutumia miundo ileile michache. Wakiagiza pamoja mara chache kwa mwaka, wakaweka akiba ya silinda, magneto, breki na reli za viti, na wakarudisha vipuri vya zamani kwa kontena moja badala ya vifurushi vya kila mtu, wataurudisha ndani ya kanda ule mzunguko ambao umbali umeukata.

Kuna watakaosema suluhisho ni kununua ndege mpya na kuachana na hizi. Cessna 172 mpya inauzwa zaidi ya dola 400,000. Shule ya urubani ikiilipia hiyo, ada ya mwanafunzi itakwenda juu hadi abaki mtoto wa tajiri peke yake, na 185 haina mpya ya kuchukua nafasi yake kwa namna ileile. Bado, sehemu ya hoja yao naikubali bila kinyongo. Mwezi wa Aprili 2018, bawa la Piper ya mafunzo lilikatika angani Daytona Beach, Florida, kwa ufa wa uchovu wa chuma katika mhimili mkuu. Watu wawili walikufa, na agizo la ukaguzi likafuata kwa maelfu ya ndege za familia hiyo. Cessna imetoa kwa ndege zake za zamani ratiba ndefu za ukaguzi wa kutu na uchovu wa chuma, na ndege iliyoishi miaka arobaini Mombasa au Zanzibar, katika hewa ya chumvi, ina mengi ya kuogopa humo. Nyuso za usukani katika mkia wa umbo la V wa Beechcraft Bonanza zimefunikwa kwa ngozi ya magnesiamu iliyokuwa adimu kiasi kwamba chama cha wamiliki wa Marekani kilitangaza zawadi kwa atakayepata mbadala. Zipo ndege ambazo hakuna daraja la uthibitisho litakaloziokoa kwa gharama ya maana, na mwenye nayo anapaswa kuambiwa hivyo mapema, kabla hajaingiza fedha za mwisho.

Ila ndege hiyo isiachwe nyuma ya hanga ikang'olewa usiku kipande kwa kipande, kama inavyotokea katika viwanja vingi duniani. Ikifutwa katika usajili huku madaftari yake yakiwa mezani, na karakana iliyoidhinishwa ikaibomoa kwa utaratibu, kila kinachoondolewa kinaweza kupimwa, kuandikwa namba, saa zilizotumika na ndege kilikotoka, kisha kupewa hati halali. Mhimili wa bawa uliochoka ukatwe mbele ya mkaguzi ili usirudi sokoni kwa jina jingine. Milango, usukani, miguu ya magurudumu na nusu ya kilicho chini ya kifuniko cha injini vingeingia katika akiba ya kanda vikiwa na historia kamili, bila nauli ya kuvuka bahari, na bila mtu kulazimika kuamini mfuko wa mgeni.